Gereji za Kigoma, mnapaka rangi juu ya ufa halafu mnaita ukaguzi!

Wakuu, mnivumilie, leo nimechafukwa.

Fuso langu limekatika hanga la springi ya nyuma kushoto, yaani kile chuma kinachoshikilia springi kwenye chasisi, likitoka Uvinza na chumvi. Bahati dereva alikuwa anavuka tuta Kazuramimba, mwendo wa kinyonga. Wiki hiyohiyo gari lilitoka gereji hapa Mwanga, nimelipia "kukagua chini kote". Nampigia fundi mkuu, ananijibu: "Bosi, umezidisha mzigo."

Mzigo upi? Kipande ninacho hapa mezani. Palipokatika, sehemu kubwa ni nyeusi, ina kutu, ina mistari ya kupinda kama pete za kisiki, inaanzia pale weldi inapoishia. Kijisehemu kidogo tu cha mwisho ndicho kinang'aa. Chuma kilichokatika kwa siku moja hakiwi na kutu katikati! Hiki kimechoka, kimekuwa kikipasuka kidogokidogo kila shimo na kila tuta, mzigo umekuja kumalizia tu. Na kibaya zaidi, rangi mpya nyeusi imeingia mpaka ndani ya ufa. Maana yake mtu alisimama hapohapo na brashi, akapaka, akaenda kula.

Ukaguzi wenu ni kugonga nyundo, kupaka grisi na kupiga rangi gari lipendeze. Ufa wa uchovu hausikiki kwa nyundo, ni mwembamba kuliko unywele! Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Paka mafuta ya taa, yaache yapenye, futa pakauke, kisha paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari kwenye weupe. Vifaa vyote vinapatikana duka la mtaani. Angalieni miisho ya weldi, kona na matundu ya riveti.

Mnaona nakuza mambo? Mwaka 2010 kule Austria, ndege isiyo na injini, L-13 Blanik, ilikatika bawa angani kwa uchovu huohuo, watu wawili wakafa, na aina nzima ikazuiwa kuruka. Sisi huku tunapaka rangi.

Nataka hela yangu ya ukaguzi, ya kuvuta gari na ya hanga jipya. Na kama kuna anayemjua fundi wa Kigoma au Kasulu anayesugua kabla ya kupaka, aniwekee hapa, hanga la kulia bado silijui likoje.