Kampala: wapi nitapata chakula cha mkulima wa hapa, kisicho na dawa nyingi?

Mgeni wa Ntinda

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Tanga, mwaka huu nimemfuata mume Kampala na tunakaa Ntinda. Kwetu mchicha ulitoka bondeni nyuma ya nyumba, na mwenye bustani nilimjua mpaka mkwe wake. Hapa najikuta kwenye duka kubwa nalipia vitunguu saumu vya China na matufaha ya Afrika Kusini, huku barabarani malori ya ndizi yanapita mbele ya macho yangu. Nina mtoto ndiyo kwanza anaanza kula. Nataka vitu vya hapa, visivyolowana dawa, na pesa yangu ikiwezekana imfikie aliyelima.

Dukani kuna rafu imeandikwa "organiki", bei juu kweli. Kuna anayeiamini? Na sokoni nitaponaje? Kiganda changu kinaishia kwenye "webale" (asante), nikifungua mdomo tu bei inapanda.

Kalerwe Asubuhi

Karibu sana dada. Mimi nauza nyanya na mboga soko la Kalerwe, kwa hiyo nakwambia ninayoyaona kwenye meza yangu na ya majirani. Wengine hawatafurahi.

Suala la "vitu vya hapa" lisikunyime usingizi. Sokoni karibu kila kitu ni cha Uganda. Matoke yanatoka Isingiro na Mbarara, viazi mviringo Kabale na Kisoro, mananasi Kayunga na Luweero, machungwa Teso, kabichi na karoti nyingi Kapchorwa. Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama ni ya Uganda, atakujibu ndiyo na hajadanganya. Muulize wilaya, kisha muulize imevunwa lini. Asiyejua wilaya amenunua kwa dalali aliyenunua kwa dalali, na hapo mkulima alishasahaulika zamani.

Sasa nyanya, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ukiona unga mweupe au wa kibuluu umeganda karibu na kikonyo, hiyo ni dawa ya ukungu, mara nyingi mankozebu. Msimu wa mvua mkulima asipopiga, shamba linaungua lote kwa wiki moja, simlaumu. Tatizo ni wale wanaopiga mpaka karibu na siku ya kuvuna ili mzigo usioze njiani. Na nyinyi wateja mnachangia! Wapo wanaochagua zile zenye unga kwa sababu eti zitakaa. Wewe chukua zilizo safi, osha kwa maji yanayotiririka huku unasugua, za mtoto menya ganda. Kiangazi ukungu hupungua, ila wadudu huongezeka na dawa yao nayo ipo, usije ukadhani umepona.

Halafu kuna magimbi, huku tunaita mayuni. Mengine yanalimwa kwenye kinamasi cha Nakivubo, pale mfereji unapopitishia maji machafu ya mji na ya viwanda kabla hayajaingia Ziwa Viktoria. Huwezi kupata chakula cha karibu kuliko hicho, unakiona ukiwa mjini, na mimi mwanangu simpi. Afadhali gimbi lililosafiri kutoka Luweero kwenye lori bovu. Miwa vilevile.

Mboga za majani, nakati, bbugga na ddodo (huo ndio mchicha wako), nunua kwa akina mama wanaozileta wenyewe alfajiri kutoka Wakiso. Utawatambua: wana kitu kimoja au viwili tu, na saa tatu wameshaondoka.

Bombo Kwetu

Binti yangu, hapo umeshauriwa na mtu wa kazi. Mimi naongeza karanga. Usinunue zilizokwisha kusagwa, hujui ndani kulikuwa na nini. Nunua nzima, toa zilizokunjamana na zenye kuvu, ndipo upeleke mashineni wakusagie ukiwa umesimama hapo. Sumukuvu haiishi kwa kupika, na ni adui wa ini. Mahindi pia: mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na ya kwenu Tanzania kwa sababu hiyohiyo. Na hayo hayakuwa yametoka mbali.

Mgeni wa Ntinda

Shikamoo mzee, nashukuru. Na samaki je? Hapa naona mputa tu (sangara) kila mahali.

Ngege wa Ggaba

Njoo mwaloni Ggaba, ufukweni mwa ziwa, asubuhi boti zikirudi. Mputa halali ni kuanzia inchi 20, ngege (sato) kuanzia 11. Ukiuziwa vidogo kwa bei poa ujue ndio ziwa la kesho hilo, kataa. Kama unajali ziwa kula mukene, yaani dagaa wa Mwanza kwa jina lingine, ziwa ni lilelile. Chagua waliokaushwa juu ya chanja. Wa kwenye mchanga utatafuna mchanga.

Mwanafunzi wa Kilimo

Kuhusu rafu ya organiki: tafuta alama ya Kilimohai, ya mazao ya organiki yaliyokaguliwa. Ni ya Afrika Mashariki nzima, inatumika na kiwango kilichopitishwa 2007. Pakiti isiyo na alama hiyo wala nyingine ya ukaguzi, neno "organiki" ameliandika mwenye duka. Ukiwa na uwanja mdogo, nenda pia kituo cha kilimo cha KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) kilichopo Kyanja, si mbali na Ntinda, wanafundisha kupanda mboga kwenye magunia.

Kalerwe Asubuhi

Mwanafunzi, alama nzuri, lakini mama wa nakati wa Wakiso pesa ya kumlipa mkaguzi ataitoa wapi? Hajawahi kununua dawa maishani mwake na hana alama. Ukifuata alama peke yake utampita.

Dada, la bei: usiulize. Simama nyuma ya mteja mwingine, angalia anatoa kiasi gani kwa fungu, nawe toa hichohicho. Ukishapata mtu wa kweli usihamehame, rudi kwake kila wiki, na siku mzigo ni mbaya atakuambia mwenyewe usichukue. Kiswahili chako usikifiche, Kampala Wakongo ni wengi na wauzaji wameshakizoea.

Usije Jumamosi saa nne, utakuta masalia na jua. Saa kumi na mbili malori bado yanashusha. Bodaboda wa Ntinda wote wanaijua njia ya baipasi, mpatane bei kabla hujapanda. Beba kikapu chako, na kama usiku mvua imenyesha vaa mabuti, maana mtaro ukifurika tope linafika mpaka chini ya meza zetu.