Naomba ushauri: kufunga neti za kushikilia maua bila vibarua wengi

Bi Matuta:
Habari zenu wakulima wenzangu. Nalima maua ya kukata, hasa lisianthasi na antirinamu, kwenye matuta yenye upana wa mita 1.2. Mashina yake ni marefu na membamba. Bila neti, mvua moja yenye upepo inatosha kuyalaza, na shina likishalala ncha yake hujipinda kuelekea juu, likabaki na kigosho kisichonyooka tena. Kwa hiyo umuhimu wa neti siutilii shaka hata kidogo. Kinachonilemea ni kazi yenyewe: watu wanne washike pembe, neti ijisokote, matundu yanase kwenye majani, kisha kila nguzo ifungwe kamba kwa mkono. Je, kuna namna ya watu wawili kuimaliza kazi hii bila kuvunja miche?

Mkulima Mstaafu:
Dada, uzito wote huo unatokana na kuipeleka neti kwa mmea uliokwisha kukua. Geuza utaratibu. Tandaza neti juu ya tuta tupu, ivute mpaka matundu yakae mraba, kisha panda mche katika kila tundu. Neti yenye matundu ya sentimita 15 kwa 15 itakupimia nafasi, nawe hutahitaji kamba ya kupimia mistari. Mimea inapopanda, unainua neti kidogo kidogo. Zingatia mambo mawili: mipira ya umwagiliaji ilazwe kabla ya neti, na tuta liwe safi, kwa sababu kupalilia neti ikiwa imelala chini ni adha kubwa.

Fundi Nondo:
Naunga mkono, ila naongezea upande wa ufundi. Pitisha bomba katikati ya roli ya neti na uliegemeze kwenye panda mbili zilizosimikwa kichwani mwa tuta. Mtu mmoja atashika ncha ya neti na kutembea nayo, na mwenzake atazuia roli isikimbie. Katika kila mwisho wa tuta, penyeza ufito kwenye mstari wa mwisho wa matundu ili mvuto ugawanyike sawa kwa upana wote. Hapo hufungi tundu mojamoja, unafunga ufito tu.

Pembeni usitumie kamba kabisa. Kila nondo ipitishe kwenye tundu la ukingoni kabla ya kuikita ardhini, kila baada ya mita 2.5 hadi 3, ikiwa imeinama kidogo kuelekea nje ili neti isilegee katikati. Nguzo za mwisho ndizo zinazobeba mvuto wote, hivyo ziwe nene na zikitwe kwa kina.

Shamba la Mlimani:
Kuinua neti moja hakutoshi kwa mashina marefu. Tandaza neti mbili, moja juu ya nyingine, matundu yakilingana, tangu siku ya kupanda. Ya chini utaiacha takribani sentimita 30 kutoka ardhini, na ya juu utaipandisha hadi 60. Usisubiri mpaka matawi yatanuke, hasa kwa antirinamu iliyokatwa ncha, kwa maana hapo neti itang'oa majani. Inua mchana, si alfajiri, kwa sababu shina lililojaa maji huvunjika upesi. Punguza pia mbolea ya naitrojeni, maana ikizidi hulainisha mashina, na hakuna neti itakayofidia hilo. Kwa dalia mimi situmii neti; nguzo na kamba za kuzungushia tuta zinatosha.

Bi Matuta:
Nawashukuru sana. Utaratibu wa kutandaza kabla ya kupanda nitauanza kwenye tuta linalofuata. Naomba kuuliza na hili: baada ya mavuno, mnaitoaje neti bila kuichana?

Mkulima Mstaafu:
Usiivute mimea ikiwa mibichi. Kata mashina usawa wa ardhi na uyaache yanyauke na kukauka. Baada ya hapo mengi yatadondoka ukiitikisa neti. Kisha chomoa nondo, ukianzia mwisho mmoja, huku mwenzako akiizungusha neti kwenye ule ule ufito wa mwisho, ili msimu ujao ianze kufunguka bila fundo. Ikiwa tuta lilikuwa na ugonjwa, ioshe na kuiloweka kwenye maji yenye klorini kabla ya kuihifadhi. Asiyetaka kazi hiyo atafute neti ya nyuzi za juti, ambayo huingia kwenye mboji pamoja na mabua.