Gari haivuti ukikanyaga gazi: tupeane uzoefu

Katindo_Corolla: Jambo wote. Corolla ya 2004, injini 1ZZ-FE. Ikisimama inanguruma vizuri, mjini kwenye tambarare haina shida. Ikianza kupanda na watu wanne ndani, kufika mizunguko 2,500 kwa dakika inakata pumzi, ukizidisha gazi inatetemeka. Buji (plagi) mpya nne zimeingia, hali ni ileile. Waliokutana na ugonjwa huu waseme walichokikuta na walianza kupima wapi, maana vipuri vya kubahatisha vinamaliza pesa.

Fundi_Birere: Anza na kutenganisha. Kwenye mlima, vitesi (gia) ya nne, mwendo wa 50, kanyaga yote. Mizunguko ikiruka na mwendo ukabaki palepale, hiyo ambreyaji (klachi), injini haina kosa. Mizunguko isipopanda, rudi kwenye injini. Halafu ukimaliza safari fupi bila kufunga breki sana, sogeza mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwaka moto peke yake, breki imekamata na gari inavuta mzigo usiouona.

Mama_Vitz: Hiyo ya breki ni kweli kabisa. Watu wanafungua injini bure.

Njia_ya_Minova: Mimi namshuku kadhafi kwanza, yule muuza mafuta wa barabarani. Chota esansi (petroli ya gari) ya bidoni (dumu) kwenye chupa nyeupe ya maji, iache itulie nusu saa. Maji yanakaa chini, unaona mstari. Petroli ya taa (mafuta ya taa) haijitengi, lakini dondosha tone kwenye kioo safi: esansi inapotea yote, ya taa inaacha duara lenye mafuta.

Mazutu_70: Wa mazutu (dizeli) msisahaulike. Land Cruiser yenye injini 1HZ: mwambie mwenzio akanyage gazi mpaka chini, wewe tazama mkono wa pompi ya injeksheni kama unagusa skrubu ya mwisho. Kebo ikilegea, au kapeti ikijikunja chini ya pedali, nguvu haitimii na hakuna kilichoharibika. Kebo ikiwa nzuri, toa tiyo (mpira) ya tangi, weka tiyo inayoonyesha ndani, ichovye kwenye bidoni ya mazutu safi, endesha hivyo. Nguvu ikirudi, shida iko tangi au njiani: kichujio cha tangi, au tiyo iliyopasuka. Ukiona mapovu madogo yanakimbia kuelekea pompi hata kwa bidoni, kuna hewa inaingia karibu na filtri. Moshi nao unasema: mweusi mzito ni hewa kidogo, angalia filtri ya hewa na vumbi letu la volkano hapa Goma. Haivuti na haina moshi, ni mazutu haifiki.

Skana_Bukavu: Ndugu wa Corolla, kabla ya kununua chochote soma nyongeza ya mafuta kwenye skana, yaani asilimia ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, uzijumlishe. Zikizidi +10 injini ikiwa imetulia, kisha zikashuka ukiiweka 2,500, hewa inavuja baada ya filtri: diriti (mpira wa hewa), gasketi ya manifoldi. Zikiwa nzuri ikitulia na zikapanda kadiri unavyoongeza gazi, mafuta hayatoshi au kapteri (sensa) ya hewa ni chafu. Hiyo kapteri isafishwe kwa dawa yake tu, isiguswe kidole wala kitambaa.

Kadutu_4x4: Nyote mnazunguka. Tuko mita 1,500, hewa ni nyepesi. Gari isiyo na turbo lazima ichoke.

Skana_Bukavu: Hapana, urefu wa mahali unakula nguvu kama asilimia 15, kila siku, kila mzunguko. Hauchagui 2,500. Washa kontakti (swichi ya ufunguo) bila injini kwenye gari yenye kapteri ya presha: Goma itasoma karibu kilopaskali 85. Hiyo ni kawaida yetu.

RAV4_Usiku: Mpaka leo RAV4 moja ya miaka ya mwanzo ya 2000 haijanitoka akilini, 1ZZ hiyohiyo. Njia ya Sake, usiku, imebeba mihogo, ikapanda kwa vitesi ya kwanza tu. Kuinama chini, katalizeri (kichujio cha moshi kwenye eksosi) nyekundu kama kaa la jiko, majani makavu yanaanza kutoa moshi. Ilikuwa inakula lita moja ya oili kwa kilomita elfu, na bobine (koili inayopeleka cheche kwenye buji) ya silinda ya tatu inakatakata. Esansi isiyoungua ikawa inaungulia ndani ya katalizeri, ikayeyusha sega lake lote.

Mama_Vitz: Mungu wangu!

Kadutu_4x4: Si upasue tu, utoe uchafu wa ndani, ubakishe bomba. Nguvu inarudi siku hiyohiyo.

Fundi_Birere: Hapana. Ukitoa bila kutengeneza bobine na oili, umeficha dalili, na utakayofunga badala yake itayeyuka vilevile. Kwanza thibitisha: toa kapteri ya oksijeni ya mbele, funga manometa (geji ya presha) kwenye tundu lake. Mizunguko 2,500 isizidi bari 0.2. Wanaotumia geji ya vakyumu, vitabu vinasema inchi 18 hadi 22 za zebaki ikitulia, huku kwetu punguza kama 5. Ishike 2,500: sindano ikizama polepole, eksosi imeziba.

Katindo_Corolla: Asanteni. Skana: ikitulia +3, kwenye mlima +19. Eksosi bari 0.1. Presha ya esansi bari 2.2.

Skana_Bukavu: Basi hapo. Presha ya esansi ni ndogo, 1ZZ inataka bari 3.0 hadi 3.4. Inua kiti cha nyuma, fungua kifuniko, lakini usinunue pompi bado. Pima volti kwenye plagi ya waya za pompi injini ikiwaka. Ikipungukiwa na zaidi ya volti 1 kulinganisha na betri, fuata relei na misa (waya wa ardhi). Ikiwa kamili, filtri ya ndani ya tangi na soksi ya pompi (kichujio cha mdomoni mwake) vitoke kwanza, na tangi lioshwe.

Njia_ya_Minova: Na hiyo esansi ya mwisho ilinunuliwa wapi?

Katindo_Corolla: Bidoni, barabarani. Nimeiweka kwenye chupa sasa hivi, mstari wa maji umefika kidole kimoja.