Naomba ushauri: dawa za kupunguza maji kwa mgonjwa wa moyo mwenye figo dhaifu

Ndugu zangu wenye ujuzi wa tiba, naomba ushauri kuhusu baba yangu, mwenye miaka 71, ambaye moyo wake ulishindwa kufanya kazi ghafla, mapafu na miguu vikajaa maji, ilhali figo zake ni dhaifu tangu zamani. Anachomwa furosemidi (dawa ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo) kwenye mshipa na pumzi imeanza kurudi, lakini kreatinini (taka ya damuni inayopimwa kujua figo zinavyofanya kazi) imepanda, na baadhi yetu nyumbani wanataka dawa isimamishwe. Nijuavyo, figo dhaifu huhitaji dozi kubwa zaidi ili dawa ifike inakofanyia kazi, na kreatinini kupanda kidogo huku maji yakipungua si lazima iwe dalili ya figo kuharibika, kwa kuwa damu inayorundikana kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) nayo huzielemea figo. Hilo linanipa matumaini, ingawa kumwona akihema usiku kunaniumiza sana.

Je, mkojo ukiwa chini ya mililita 100 kwa saa katika saa 6 za mwanzo, ni kawaida dozi kuongezwa maradufu kabla ya kuongeza dawa ya jamii ya thiazidi (aina nyingine ya dawa za kutoa maji)? Na kuhusu spironolaktoni, dawa nyingine ya moyo na maji aliyokuwa akimeza, ambayo hupandisha potasiamu, tuwaulize nini madaktari wake? Ibuprofeni, dawa ya maumivu inayoweza kudhuru figo, tumekwisha kuiacha.