MREJESHO: kadi ya sauti ya Pentium yangu (kompyuta ya kizamani)

Wakuu, si niliuliza nichukue kadi gani ya sauti kwa magemu ya DOS (ule mfumo wa zamani wa kuandika amri), maana ile ya PCI (sloti ya kisasa zaidi ya ISA) niliyokuwa nayo kwenye Windows 98 inaimba freshi ila ukiingia DOS kimyaaa. Nikafuata ushauri, nimepata Sound Blaster 16 ya ISA (sloti ya zamani), ile yenye chipu halisi ya OPL3 ya Yamaha inayopiga muziki wa magemu. Mwanzo ikazingua, gemu linatoa mlio mmoja linaganda, kumbe mwenyewe nilikuwa nimeiweka IRQ 7 (namba ya laini ambayo kifaa huitumia kuita prosesa) inagombana na poti ya printa! Nikaihamishia 5, kwenye AUTOEXEC.BAT (faili la amri ambalo DOS hulisoma ikiwaka) nikaandika SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6 ili magemu yajue mipangilio ya kadi, nikawasha gemu la DOOM... aisee lile gitaa, mpaka mama watoto akaja kuchungulia. Kamlio ka shhh bado kapo kwenye spika, nakavumilia tu.