Mji wa mahandaki: kwa nini wenye nyundo hawawapindui wenye mijeledi?

Mwandishi wa Mlimwa

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaandika hadithi ndefu ya kubuni, na kikundi chetu cha wasomaji hapa Dodoma huijadili sura baada ya sura. Hadithi inatokea katika mji uitwao Kwamzizi, uliochongwa ndani ya mlima wa graniti kama hii inayotuzunguka. Humo huchimbwa jiwe linalotoa mwanga bila moto, na jiwe hilo ndilo utajiri wote wa nchi ile. Wachimbaji ni 3,000, walinzi hawafiki 200, na mabwana, ambao watu huwaita Wenye Mlima, ni familia tano tu. Uganga upo, ila ni mdogo. Hakuna anayeweza kumroga mtu hadi apoteze hiari yake.

Msomaji mmoja ameuliza: watu 3,000 wenye nyundo, tindo na sururu wanatawaliwaje na watu 200 wenye mijeledi, tena ndani ya mapango ambayo wachimbaji wanayafahamu kuliko walinzi? Kwa maoni yake hadithi ingepaswa kuisha kwa siku moja. Sitaki kumjibu kwa kuongeza walinzi wala kwa kuleta joka la kulinda lango. Naomba wenye ujuzi wa migodi, historia au ujenzi wanieleze ni kitu gani hasa kingeushikilia mji wa namna hiyo.

Fundi Matimba

Ndugu Mwandishi, msomaji wako amehesabu nyundo akasahau kuhesabu pumzi. Chini ya ardhi anayetawala ni yule aliyekaa mdomoni pa shimo, kwa sababu kamba, taa na hewa vyote vinapitia kwake. Mchimbaji aliye mbali ndani ya handaki lisilo na tundu la pili anaishi kwa hewa anayosukumiwa kwa mivukuto, na anatoka kwa winji inayozungushwa na mtu mwingine. Walinzi 20 wakiishika mivukuto na winji, wale 180 waliobaki wanaweza kulala.

Uliposema graniti ulinifurahisha, maana mwamba huo una tabia zake. Usipokuwa na nyufa hujishikilia wenyewe, kwa hiyo hutahitaji matimba mengi, yaani magogo ya kuegemeza paa la handaki, lakini ni mgumu kiasi kwamba mtu mwenye nyundo na tindo husonga mbele sentimita chache tu kwa siku. Kama Kwamzizi hakuna baruti, watatumia moto kama walivyofanya watu wa kale: kuni hupangwa ukutani, huwashwa, kisha mwamba uliopasuka kwa joto hubanduliwa. Jiulize, basi, kuni hizo zinatoka wapi. Baada ya miaka michache vilima vyote vya jirani vitakuwa vipara, na wakata kuni watakuwa wengi kuliko hata wachimbaji. Jiulize pia ni nani anayeamua kwamba moshi umekwisha na kundi lirudi ndani, kwa maana hapo ndipo watu watakapokufa bila mjeledi kuinuliwa.

Halafu kuna vumbi. Graniti ina silika nyingi, yaani madini yaleyale yaliyomo katika mchanga, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Mapafu hukakamaa polepole, na kifua kikuu hupata mlango. Mchimbaji hodari wa leo atakuwa hawezi kupanda ngazi baada ya miaka kadhaa, pengine mapema zaidi kama vumbi ni zito. Mji wako hautakuwa na wazee waliotoka mgodini, na pasipo wazee hakuna anayekumbuka mgomo uliopita ulivunjwaje.

La mwisho kwa leo ni matumaini. Kule Mirerani, kwenye migodi ya tanzanite, wachimbaji wengi, wanaojulikana kama wanaapolo, kwa miaka mingi walifanya kazi bila mshahara; walipewa chakula na ahadi ya mgawo siku mawe yatakapotoka, na watoto waliopenyezwa katika njia nyembamba waliitwa nyoka. Mtu anayeamini kwamba jiwe liko nusu mita mbele yake halindwi na yeyote. Anajilinda mwenyewe asiondoke.

Mwalimu wa Kikuyu Kusini

Nakubaliana na Fundi, lakini nadhani nyote wawili mmeanzia ndani mno. Mji kama Kwamzizi hauanzi mdomoni pa shimo. Unaanza vijijini, siku kadhaa za kutembea kutoka hapo, kwa karani mwenye daftari.

Chukua mfano wa nchi yetu. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na shabaha yake haikuwa fedha peke yake. Mtu mwenye mtama na ng'ombe hana sababu ya kwenda kumlimia mgeni, ila akidaiwa rupia, na rupia zinapatikana shambani kwa mgeni tu, atakwenda kwa miguu yake mwenyewe. Baadaye, katika mashamba ya mkonge, wakaja manamba, watu walioandikishwa mikoa ya mbali na kusafirishwa wakiwa na mkataba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo nyapara hakuridhika nayo haikuandikwa. Mwezi wa kalenda ungeweza kuisha huku mwezi wa kipande haujaisha. Angalia jinsi nguvu ilivyohama kutoka kwenye mjeledi kwenda kwenye kalamu, na jinsi nyapara mwenyewe alivyokuwa mtu wa rangi ileile na pengine wa lugha ileile.

Mfano wa mbali zaidi, unaokaribia sana hadithi yako, ni Potosí, mlima wa fedha ulioko Bolivia ya leo. Mwaka 1573 mwakilishi wa mfalme wa Uhispania, Francisco de Toledo, alipanga utaratibu ulioitwa mita, ambao kwa kanuni ulimtaka karibu mmoja kati ya kila wanaume saba wa mikoa iliyotajwa aende mgodini kwa zamu. Waliotakiwa kuwatoa watu hao ni machifu wao wenyewe, na chifu aliyepungukiwa na watu aliwajibika kufidia upungufu. Hapo Mhispania hakuhitaji kumkamata mtu. Chifu alimkamata jirani yake ili asifilisike yeye. Ndiyo maana ningekushauri umpe kila mchimbaji wa Kwamzizi mtu wa nyumbani anayemchukia kuliko anavyowachukia Wenye Mlima, ambao huenda hajawahi kuwaona.

Usisahau njaa. Sisi wa Ugogo tunaijua Mtunya, njaa iliyokuja na Vita Kuu ya Kwanza, wakati majeshi yalipochukua nafaka na mifugo, wanaume wakatolewa kuwa wapagazi, na mvua nayo ikakatika. Nchi ikifika hapo, anayegawa uji hahitaji ukuta. Sisemi uihamishe Mtunya kama ilivyo uiingize katika hadithi. Ninasema tu kwamba ghala la Kwamzizi linastahili sura nzima, na hadi sasa hujalitaja.

Binti Chamwino

Shikamooni, wakubwa. Nimesoma kwa hamu, ila nina wasiwasi kidogo. Kadiri mnavyoongeza vumbi, njaa na deni, wachimbaji wanazidi kuwa kitu cha kufanyiwa mambo. Babu yangu alikuwa manamba, na alipokuwa akisimulia hakuanza na mateso. Alianza na ujanja: jinsi walivyoimba polepole ili jembe nalo liende polepole, jinsi mgonjwa alivyofanyiwa sehemu ya kazi yake na wenzake, na nyapara gani alikuwa akinunulika kwa tumbaku. Mwandishi, wachimbaji wako wanajua nini ambacho Wenye Mlima hawakijui? Mtu anayegonga mwamba na kusikia kwa mlio kama una nyufa nyuma yake ana elimu, na elimu hiyo anaweza kuificha. Mkondo mzuri wa jiwe unaweza kuzibwa kwa kifusi na kuachwa pale kwa miaka.

Mwandishi wa Mlimwa

Nawashukuru sana. Ghala na karani nimewachukua, na kuhusu mkondo uliofichwa, Binti Chamwino, umenipa sura ambayo sikuwa nayo. Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, Wenye Mlima wawe waovu tu kwa asili, au wana kitu kinachowasukuma? Na mgomo ukitokea, uanzie wapi, ikiwa mdomo wa shimo umeshikwa kama Fundi alivyoeleza?

Mpima Miamba

Kwa swali la kwanza, soma habari za handaki la reli la Gotthard nchini Uswisi, lenye urefu wa kilometa 15, lililochimbwa kati ya 1872 na 1882. Mkandarasi, Louis Favre, alisaini mkataba uliompa muda mfupi pamoja na faini kwa kila siku ya kuchelewa. Kuanzia hapo kila kitu kikawa suala la mwendo: hewa haikutosha, joto ndani lilipita nyuzi 30, hapakuwa na vyoo vya maana, na minyoo ya safura ikaenea kwa wafanyakazi, ambao wengi wao walikuwa Waitaliano. Mwaka 1875 waligoma upande wa Göschenen, kwenye mdomo wa kaskazini wa handaki. Wenye silaha wakafyatua risasi na watu wanne wakafa. Favre mwenyewe alianguka akafa humohumo handakini mwaka 1879. Wape Wenye Mlima mkataba wa namna hiyo, na mkopeshaji aliye ng'ambo ya bahari, na hutahitaji kumchora yeyote akicheka gizani. Binafsi naona mwovu anayehesabu siku anatisha kuliko anayefurahia damu, ingawa najua wasomaji wengi wa hadithi za kubuni wanampenda huyo wa pili.

Fundi Matimba

Swali la pili ni langu. Usiuanzishe mgomo ndani, kwa sababu walio ndani ni mateka wa mivukuto, na wavuta mivukuto wakigoma watawaua ndugu zao. Uanzishe wakati wa kupokezana zamu, kwa kuwa ndiyo saa pekee ambapo makundi mawili yanaweza kuwa juu kwa pamoja na handaki likiwa tupu. Wenye Mlima wakiwa na akili, na kwa mkataba alioueleza Mpima watakuwa nayo, watakuwa wamepanga zamu zisikutane: hawa wanatoka kwa shimo la mashariki, wale wanaingia kwa la magharibi, na kila mmoja anatundika kipande chake ubaoni ili ijulikane nani yuko chini. Basi ichague siku ambayo shimo moja limezibwa na kifusi na zamu zote mbili zinalazimika kutumia winji moja. Watu 1,500 wametoka, 1,500 wanasubiri kuingia, na karani anaita majina kutoka kwenye daftari lakini hakuna anayeitika.