Waraka wa Kwanza wa Klementi: mwaka 96 au kabla ya 70? Naomba ushauri

Msomaji_wa_Nyaraka:
Wakuu, heshima zenu. Naandaa kurasa kumi hivi kuhusu barua ambayo kanisa la Roma liliwaandikia Wakorintho, hii tunayoiita 1 Klementi. Vitabu vingi vinataja mwaka 95 au 96 na kupita. Wengine wanasema ni kabla ya mwaka 70, kwa sababu sura ya 40 na 41 zinazungumzia sadaka za Yerusalemu kana kwamba hekalu, lililobomolewa mwaka 70, bado limesimama. Nishike lipi? Na hilo jina la Klementi limetoka wapi, mbona ndani ya barua halimo?

Kinu_na_Mchi:
Mkuu, hoja ya hekalu usiiegemee. Josephus, mwanahistoria Myahudi, aliandika miaka mingi baada ya hekalu kuteketea, na bado anazieleza kazi za makuhani kwa wakati uliopo. Anayefafanua Torati huieleza kama inavyosomeka.

Chimba ndani ya barua yenyewe. Sura ya 5 inawataja Petro na Paulo kuwa mifano ya "kizazi chetu", kwa hiyo huwezi kwenda mbali sana mbele. Lakini sura ya 44 inasema mitume waliweka wazee wa kanisa, kisha wengine wakawekwa na watu waheshimiwa waliofuata, na baadhi ya wazee wameshafariki. Hapo kuna ngazi mbili baada ya mitume. Sura ya 47 inaliita kanisa la Korintho "la kale", na kanisa hilo Paulo alilianzisha mnamo mwaka 50 hivi.

Uzito mkubwa uko 63:3. Wajumbe waliopeleka barua wameishi "kati yetu" bila lawama tangu ujana hadi uzee. Piga hesabu: aliyeamini mwaka 45 akiwa na miaka 18, mwaka 69 ana 42 tu. Mzee gani huyo? Mwaka 90 ana 63, hapo inaingia akilini.

Bahari_ya_Kati:
Naongezea kuhusu huo mwaka 96, maana unasimama kwa miguu miwili dhaifu. Mguu wa kwanza ni sura ya 1, ambapo Roma inaomba radhi kwa kuchelewa kuandika kutokana na maafa ya ghafla yaliyofuatana. Wengi husoma hapo "mateso ya Domitianus", kaisari wa Roma aliyetawala 81 hadi 96. Kigiriki hakisemi mateso ya dini, kinasema misiba na mikasa tu, na kuomba radhi kwa kuchelewa kulikuwa adabu ya kawaida ya barua. Ukiona tafsiri imeandika "mateso", ujue mfasiri ameshakuamulia.

Mguu wa pili ni Eusebius, mwanahistoria wa kanisa, anayeweka mwanzo wa uaskofu wa Klementi katika mwaka wa 12 wa Domitianus, yaani 92. Ila Eusebius anaandika karne ya 4, na barua yenyewe haimtaji askofu mmoja wa Roma. Inataja wazee kwa wingi.

Kuhusu jina: mnamo mwaka 170 Dionysius, askofu wa Korintho, aliwaandikia Warumi kwamba barua yao ya zamani, iliyoandikwa "kupitia" Klementi, bado inasomwa kanisani kwake. Hilo "kupitia" usiliruke. Tena Mchungaji wa Hermas, maandishi ya Kikristo ya kale ya Roma hukohuko, yanamtaja Klementi ambaye kazi yake ni kutuma maandishi kwenye miji ya nje. Kwa hiyo mwandishi ni kanisa, na Klementi ndiye aliyeshika kalamu.

Msomaji_wa_Nyaraka:
Nashukuru sana. Tatizo ni kwamba hiyo 63:3 siioni. Nakala niliyopakua inaishia sura ya 59.

Kinu_na_Mchi:
Hiyo ni tafsiri ya zamani, achana nayo. Barua kamili ina sura 65. Kwa muda mrefu Ulaya ilitegemea kodeksi (kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono) ya Alexandria ya karne ya 5, ambayo imepotelewa na karatasi moja, kuanzia 57:7 hadi 63:4. Bryennios, msomi Mgiriki, aliipata nakala kamili ya Kigiriki, ya mwaka 1056, huko Konstantinopoli mwaka 1873, akaichapisha 1875. Kwa hiyo mtaalamu yeyote aliyebishana tarehe kabla ya hapo hakuwahi kuuona ushahidi huo wa wajumbe wazee. Kagua mwaka wa kila kitabu unachonukuu.

Tarehe iandike "kati ya 80 na 100 hivi". Usiusogeze mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa Polikarpo wa Smirna, katika barua yake kwa Wafilipi ya mwanzoni mwa karne ya 2, anarudia misemo ya 1 Klementi tena na tena.

Bahari_ya_Kati:
Na usimchanganye Klementi huyu na Flavius Clemens, konsuli wa mwaka 95 aliyeuawa na Domitianus. Huyo ni jamaa wa ukoo wa kaisari, na kosa hilo limejaa mitandaoni.